Alikaa Mwisho wa Benchi

Ilikuwa mwezi Mei, bonde la Kilombero, mpunga unaiva na nusu ya kijiji kimehamia shamba kufukuza ndege. Siku ya kliniki mama mmoja alikaa mwisho wa benchi, mtoto kamfunika khanga hadi kichwani na jua linawaka. Zamu yake ikifika, anampisha mwenzake.

Mtoto alikuwa na miezi 14. Nilipima mkono wa kushoto kati ya ncha ya bega na kiwiko, nikatia alama katikati, kisha nikauacha mkono ulegee na kuuzungushia utepe bila kuubana. Sentimita 11.2. Chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Nikabonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, juu ya unyayo, nikahesabu sekunde tatu. Vishimo vikabaki. Uvimbe huo ndio uliowapoteza nyumbani: mashavu yalijaa, wakaona kanenepa, mpaka nywele zilipogeuka rangi na kunyonyoka.

Hapo ndipo bibi yake alipotamka kwamba amebemendwa. Anayelijua neno hilo anajua uzito wake. Maana yake wazazi wamekutana kimwili mtoto angali ananyonya, au mmoja wao katoka nje, na karibu kila mara kidole huelekezwa kwa mama. Kumpandisha mtoto kwenye mizani mbele ya majirani ni kama kukiri. Kwa hiyo alifungwa hirizi kiunoni, akaogeshwa dawa wiki tatu, na wiki hizo ndizo zilizomdhoofisha.

Nilimuuliza mama mtoto alikula nini jana, tangu alipoamka. Asubuhi uji mwepesi wa sembe na sukari. Mchana wali na maji ya maharage, kwenye sinia moja na wakubwa watatu. Usiku alilala kabla chakula hakijaiva. Mama hutoka alfajiri kwenda shamba, mtoto hubaki na dada yake wa miaka minane. Samaki walikuwepo, ila minofu ni ya baba, na mayai ya kuku yanauzwa. Nyumba ile ilikuwa na magunia ya mpunga hadi darini.

Ziwa alikuwa kaachishwa ghafla, siku mama alipojua ana mimba, kwa sababu waliamini maziwa yameharibika. Maziwa hayaharibiki kwa mimba. Mama akila vya kutosha anaweza kuendelea kunyonyesha.

Nilimpa mtoto chakula dawa, kile cha pakiti cha kutibu utapiamlo, kujaribu hamu yake ya kula. Alilamba mara mbili, akageuza uso. Aliyevimba na hataki kula hatibiwi nyumbani, anapelekwa hospitali. Mama akasema, "Nesi, mpaka baba yake aseme." Baba alikuwa shamba, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli. Walifika wodini kesho yake jioni.

Siku za mwanzo wodini mtoto hupewa maziwa maalumu kwa kikombe, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Ndugu huja na nyama na mayai kwa upendo, lakini moyo uliodhoofika haubebi mzigo huo mara moja. Siku ya tano uzito ulishuka kutoka kilo 7.6 hadi 7.1, na bibi akafunga virago. Nilikaa naye kitandani, nikabonyeza tena mguu wa mtoto mbele yake. Kishimo hakikutokea. Kilichopungua kilikuwa maji.

Siku ya tisa mtoto aliung'ang'ania mkono wa mama akidai kikombe.

Siku ya kutoka tulielewana: sahani yake mwenyewe, milo mitatu au minne na vitafunio viwili katikati, uji mzito usiomwagika kwenye kijiko, ukitiwa karanga au dagaa waliotwangwa, na mtu mzima wa kumlisha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaushika mkono wa mkwewe na kuunyoosha mbele yangu.

"Na huyu naye mpime."

Sentimita 21.5. Kwa mjamzito tunataka angalau 23. Bibi akauliza dagaa kiasi gani kwa siku, nikamwonyesha konzi moja.