Taa ya kotwe iko kooni

Samaki kotwe hana heshima sokoni. Ni bapa, ana utelezi, miba haiishi, na mara nyingi anayeondoka na fungu lake ni yule aliyekosa changu. Mimi nampenda akikaangwa mpaka akauke, umtafune na mifupa yake. Ila tangu nianze kufundisha baiolojia, kila fungu natoa mmoja wawili kwa kazi nyingine.

Ukitaka kujaribu, mnunue ngalawa inapoingia tu, kabla hajalala kwenye barafu. Mpasue, fuata umio hadi unapokutana na tumbo la chakula. Hapo utakuta kipete kidogo kimeuzunguka. Zima taa, ziba madirisha, uyape macho muda wa kuzoea giza. Kipete kinawaka buluu ya kijanikijani, na mwenyewe kotwe keshakufa!

Wanaowaka ni bakteria, Photobacterium leiognathi, waliosongamana humo ndani. Kotwe anawapa chakula na oksijeni. Bila oksijeni kimeng'enya chao hakitoi nuru. Ukuta wa kibofu cha hewa, ulio jirani, unang'aa kama kioo: nuru ikiupiga inarudishwa chini, inapenya nyama na kutokea upande wa tumboni. Bakteria hawazimi, lakini kotwe ana vifuniko vya kupunguza nuru apendavyo.

Wanafunzi wangu hujibu haraka kwamba anajimulikia njia. Sivyo. Mchana, samaki mlaji aliye chini akitazama juu, kotwe angeonekana kivuli cheusi mbele ya mwanga wa jua. Tumbo likiwaka kwa kiasi cha mwanga ule, kivuli kinafutika. Taa ya kujifichia, jamani! Nimeifundisha miaka na bado inanichekesha. Halafu katika aina nyingi dume ana taa kubwa kuliko jike, naye huitumia kujinadi. Madume ni walewale, hata baharini.

Kinachowashangaza zaidi darasani ni kwamba kotwe huanguliwa bila bakteria hata mmoja. Huwaokota kwenye maji akiwa mdogo. Na wakubwa, bakteria wao wakizidi, huwamwaga kupitia utumbo, wakarudi baharini.

"Kwa hiyo mwalimu, taa ya mtoto inaweza kutoka kwenye kinyesi cha mtu mzima?"

Ndiyo, mwanangu. Andika.