Kumbukumbu ya nguzo ya maji, Jambiani: kutoka Mfungo Mosi hadi Mfungo Sita

Nguzo ya kupimia kujaa na kupwa kwa maji ya bahari imesimama. Ni boriti ya mkandaa, aina ya mkoko, imekitwa kwenye mwamba nje kidogo ya mahali ngalawa zinapofungwa, na imetiwa rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita 10. Ninachotafuta ni kimoja: mtu akiutazama mwezi tu, aweze kusema kesho maji yatajaa saa ngapi na yatafika wapi, bila simu wala jedwali. Wazee wa hapa wanaweza. Mimi nataka kuyaandika wanayoyajua kwa sentimita na dakika, kijana anayeanza kulima mwani ayakute.

Shida ya mwanzo ilikuwa mawimbi. Pwani hii ya mashariki ya Unguja, upepo wa kusi ukishika, nguzo inalowa mpaka juu na huwezi kusema maji yenyewe yalifika alama ipi. Dawa yake ni bomba la plastiki lililofungwa ubavuni mwa nguzo, chini limetobolewa vitobo vidogo. Maji huingia na kutoka polepole, kwa hiyo ndani yanatulia hata nje kukiwa na mchafuko. Ndani ya bomba nimetumbukiza ufito mkavu na kiganja cha unga wa mbao kutoka kwa seremala. Unga unaelea na kupanda pamoja na maji. Yakianza kupwa, unga wa juu kabisa hubaki umeganda kwenye ufito. Asubuhi unauchomoa unakuta mstari mwembamba wa hudhurungi, umenyooka kama uzi: hapo ndipo maji ya usiku yalipoishia. Nausoma, naufuta kwa kitambaa, naurudisha.

Mfungo Mosi 1446, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani. Idd el Fitr ilituangukia tarehe 31 Machi 2025, na bamvua kama hilo, yaani maji ya kujaa sana na kupwa sana, sikuwa nimewahi kuliona. Sababu zilijipanga zote kwa pamoja. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, maana yake jua na mwezi viko upande mmoja na vinavuta kwa mstari mmoja. Mwezi wenyewe ulikuwa umesogea karibu, kama kilomita 358,000, ilhali wastani wake ni 384,400. Tena ni Machi, na Machi na Septemba jua huwa juu ya ikweta, ndipo mabamvua makubwa ya mwaka yanapotokea. Kabla ya adhuhuri maji yalishatoka hadi karibu na mwamba wa nje, watoto na nguo zao mpya wanakimbia mahali ambapo jioni ngalawa zingeelea. Jirani yangu, bi mmoja aliyeanza kulima mwani nilipokuwa mtoto, alipita na vigingi vyake akaniambia, "Mwanangu, bamvua kama hili halichezewi. Hiyo nguzo yako leo itakauka mpaka mizizi." Ikakauka kweli.

Mfungo Tatu. Idd el Hajj, tarehe 7 Juni, mambo kinyume kabisa. Hiyo huwa ni siku ya kumi ya mwezi mwandamo, robo ya kwanza imepita siku chache, na karibu yake ndipo maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, yanapokaa. Jua linavuta huku, mwezi unavuta kule, kila mmoja anapunguza kazi ya mwenzake. Juu ya hayo mwezi ulikuwa mbali, zaidi ya kilomita 405,000. Mchana maji yapo, lakini mstari wa unga ulikuwa chini sana ya ule wa Mfungo Mosi, na yalipokupwa hayakwenda mbali. Hapa Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Maji mafu hayafiki nusu yake.

Swali ninaloulizwa sana nikiwa pale kwenye nguzo: jua ni kubwa mno kuliko mwezi, mbona mwezi ndio unaotawala maji? Kinachoinua bahari si mvuto wenyewe, ni tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa dunia na mwingine. Upande unaoelekea mwezi huvutwa zaidi ya kitovu cha dunia, na kitovu huvutwa zaidi ya upande wa nyuma. Ndiyo maana maji huinuka pande mbili, na ndiyo maana sisi tunapata kujaa mara mbili kila siku, yakipishana kama saa 12 na dakika 25. Jua liko mbali kiasi kwamba kwake tofauti hiyo ni ndogo. Nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi.

Sasa kanuni, ambayo ndiyo matunda ya kazi yote hii. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa giza, hapa maji hujaa saa 10 na kitu, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50, kwa sababu mwezi nao unakwenda na dunia inabidi izunguke zaidi kidogo ili kuufikia. Kilele cha bamvua chenyewe hakiji siku ileile, huja siku moja au mbili baadaye. Ndiyo maana wanawake wa mwani hushuka pwani siku za bamvua kuanzia saa 4 asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, na itakuwa hivyo mwaka hadi mwaka: bamvua linafungamana na jua, na saa zetu nazo zinafuata jua. Hizo dakika 50 ni wastani tu. Siku za bamvua nyongeza inashuka hadi kama 35, siku za maji mafu inapita saa nzima. Kwa anayelima, wastani unatosha. Anayekwenda kuchokoa pweza mwambani ajue hilo vizuri, maana maji yakirudi hayamsubiri.

Mfungo Sita 1447. Usiku wa tarehe 7 Septemba mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Msikitini watu walisali sala ya kupatwa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mchanga mtupu, maji yanaendelea kupwa, mwezi mwekundu kwa sababu ya mwanga wa jua unaopinda katika hewa ya dunia yetu na kuufikia. Mwezi haupatwi ila uwe mpevu, kwa hiyo kupatwa kwake daima ni habari ya bamvua. Siku tatu zilizofuata mstari wa unga ulipanda kila siku.

Nimesoma pia kwamba maji haya yanausukuma mwezi wenyewe. Yanapojaa na kupwa huisugua dunia na kupunguza kasi ya mzunguko wake, na mwezi unasogea mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Hilo limepimwa kwa miale ya leza inayogonga vioo walivyoviacha mwezini wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 na waliofuata.

Kazi inayofuata ni nguzo ya pili, Chwaka, ndani ya ghuba karibu na mikoko. Wavuvi wa kule wanasema maji yao yanachelewa kuliko ya Jambiani. Bomba na ufito vipo tayari, nangoja kusi litulie.