Mahameli na hariri ya mabinti wa Bonaparte

Juzi mtoto wa kaka yangu aliitazama picha iliyo ukutani kwangu akauliza, "Shangazi, hawa ni mapacha?" Si mapacha. Zénaïde Bonaparte alizaliwa 1801, Charlotte 1802. Ila swali lake limenikumbusha ile siku katika darasa la uchoraji, tulipogawiwa kila mtu kipande cha kunakili kutoka picha hii. Changu kilikuwa pale magauni yao yanapokutana.

Mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David aliwachora 1821, akiwa uhamishoni Brussels. Baba yao, Joseph, kaka yake Napoleon, aliyewahi kuwa mfalme wa Naples kisha wa Hispania, alikuwa amehamia Marekani. Barua yake kutoka Philadelphia imo mikononi mwao. Kochi ni jekundu, lina nyuki wa dhahabu, alama ya ukoo.

Zénaïde amevaa mahameli ya rangi nzito, Charlotte hariri ya kijivu cha bluu. Hariri hung'aa mgongoni mwa kunjo: weka rangi ya kati, kisha kivuli, halafu mstari mwembamba wa mwanga wenye ukingo mkali, na usiuguse tena, maana ukiusugua unageuka pamba. Mahameli ni kinyume. Vinyweleo vyake humeza mwanga ukivitazama kwa mbele, hivyo katikati hubaki giza na mng'ao hutokea pembeni, kitambaa kinapojipinda. Ukiuweka juu ya kunjo, umechora ngozi iliyopigwa kiwi.

Tabaka la chini, lililozimuliwa kwa tapentaini, lilikuwa limeshakauka. Juu yake nikapaka rangi inayopitisha mwanga, yenye mafuta ya kitani zaidi. Mpangilio huo haugeuzwi: tabaka lenye mafuta mengi likiwa chini, la juu hukauka mapema, na rangi hupasuka.

Nilipoweka mstari wa mwanga kwenye hariri, mahameli ya jirani ilizama ghafla, na dada wawili waliokuwa doa moja wakawa watu wawili. Nilisimama pale muda mrefu.

Charlotte alifundishwa kuchora na David mwenyewe, na ndiye aliyepewa kitambaa kinachorudisha mwanga. Mwalimu wetu aliuita upendeleo. Mimi huona huenda ni umri tu, mkubwa kuvikwa vazi zito. Sijaamua. Mwishoni mwa mwaka huo huo Charlotte alivuka bahari kumfuata baba yake, na huko akaendelea kuchora mandhari.