Kutoka Morogoro hadi Kigodoro cha Mburahati

Treni ya umeme ilinitoa Morogoro jioni, na soda yangu haijaisha tukawa tunaingia Dar. Safari yenyewe haina stori. Mwenyeji wangu akang'ang'ania tuanzie Masaki: mlangoni mabaunsa, ndani amapiano, watu wamekaa na chupa zao wanajirekodi kwa simu. Kucheza, wachache. Nikamwambia sikutoka mji wa mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe kuja kutazama watu wakikaa.

Kesho yake usiku tukapanda mwendokasi mpaka Manzese, bodaboda zikatumalizia Mburahati. Huku ndiko iliko studio ya prodyuza Sisso, ambayo mwaka 2017 midundo yake ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, singeli, muziki wa kasi wa uswahilini Dar, ikaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mtaani hiyo si habari. Habari ilikuwa kigodoro, mkesha wa muziki mtaani, safari hii wa harusi: turubai limeziba njia, spika za kukodi zimepandiana hadi usawa wa paa, jenereta linanguruma nyuma ya choo.

DJ ana laptop moja juu ya stuli. Anachukua kipande cha kinanda cha taarab, sekunde chache tu, anakizungusha na kukikimbiza mpaka mapigo yanapita 200 kwa dakika. Ukiwa karibu na spika hutofautishi tena ngoma na moyo wako. Vijana wanaukimbiza mdundo kwa miguu, vumbi tupu, na hawaufikii. Kina mama wa sare za vijora wala hawahangaiki: wanakata mauno taratibu, kama nusu ya kasi ile, na kila wakirudi katikati wanaukuta mdundo unawasubiri. Kwa macho yangu, wao ndio wanaoijua singeli.

MC naye hapumui. Ukimtuza, anakuimba. Nilimpa elfu mbili, akauliza natokea wapi, na tangu hapo jina langu likawa "Mjomba Kasoro Bahari", maana Morogoro huitwa mji kasoro bahari. Shangazi mmoja wa bwana harusi akanivuta kati. Kiuno changu kilifanya kilichoweza.

Saa tisa usiku mgambo wawili wakaja kuulizia kibali. Muziki ukazimwa, watu wakaguna. Mwenye shughuli akakichomoa kifuani, kimekunjwa mara nne, kina muhuri wa serikali ya mtaa, akawakabidhi pamoja na sahani mbili za pilau. DJ hakungoja wamalize kukisoma.