Nilivyoimaliza riwaya ya muuaji wa miji mitatu

Mswada wa kwanza niliutupa nikiwa nimefika ukurasa wa 140. Wa pili ukafia ukurasa wa tisini na kitu. Hadithi ilikuwa ileile: mtu anaua katika miji mitatu, mpelelezi mmoja anamwandama mji hadi mji, mwisho anamtia mbaroni. Niliipenda hadithi hiyo kwa dhati, na niliumia kuiona ikinifia mikononi mara mbili.

Kosa langu, ninavyoliona sasa, ni kwamba nilianza na muuaji. Sura moja nilimpa yeye, sura inayofuata nikampa mpelelezi, zamu kwa zamu. Muuaji wangu alikuwa na utoto mchungu, akili nyingi na maneno mengi kuliko mtu mwingine yeyote kitabuni. Kila taharuki ilipolegea, niliua mtu mwingine. Nilimpa dada yangu mkubwa asome, akanirudishia makaratasi siku ya tatu.

"Mdogo wangu," akasema, "huyu wa nne ni nani? Au ndiye yule wa pili?"

Nikafungua mswada nimjibu, nikajikuta napekua nyuma, kurasa na kurasa, kutafuta jina. Mimi mwenyewe niliyewaua nilikuwa nimewasahau. Jambo hilo lilinikaa moyoni wiki nzima.

Kilichonikwamua ni swali moja nililoliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza: kwa nini polisi wa miji mitatu hawakujua kwamba wanamtafuta mtu mmoja? Katika miswada yangu jibu lilikuwa rahisi mno: kwa sababu muuaji ni mjanja. Nikaanza kusoma kesi za kweli ili nione kama ni hivyo. Miezi minne sikuandika sentensi hata moja ya riwaya, nilisoma tu na kujaza madaftari.

Kesi ya Peter Sutcliffe wa Uingereza ndiyo iliyonifumbua macho. Kati ya 1975 na 1980 aliua wanawake 13, katika miji kama Leeds, Bradford, Huddersfield na Manchester. Polisi walikwishamhoji mara 9 kabla ya kumkamata. Mara 9! Mwaka 1977 noti mpya ya pauni 5 ilikutwa kwenye mkoba wa mwanamke aliyeuawa Manchester, na wapelelezi wakaifuatilia hadi kwenye makampuni yaliyolipa mishahara kwa noti za fungu lile, likiwemo alilofanyia kazi Sutcliffe. Walimfikia, wakamwuliza maswali, wakaondoka. Taarifa zake zilikuwamo ofisini, lakini zilitawanyika katika maelfu ya kadi zilizojazwa kwa mkono, na kadi moja haikujua habari za mwenzake. Halafu mwaka 1979 ikaja kaseti ya sauti ya mtu aliyejidai kuwa muuaji. Polisi wakaiamini, wakaanza kuwaweka kando washukiwa ambao lafudhi yao haikufanana na ile ya kwenye kaseti. Aliyeituma alikuwa mzushi tu, na alitambuliwa kwa vinasaba mwaka 2005.

Mtafiti wa Marekani, Steven Egger, alikwishaupa ugonjwa huo jina katika miaka ya 1980. Kwa Kiswahili mimi nimeuita upofu wa kuunganisha. Ofisi hii ina kipande, ofisi ile ina kipande, na hakuna anayeviweka juu ya meza moja. Ndiyo maana mwaka 1985 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilianzisha ViCAP, mpango wa kukusanya na kulinganisha matukio ya aina hiyo kutoka majimbo mbalimbali, na Uingereza nayo katika miaka hiyohiyo ikaanza kutumia mfumo wa kompyuta ulioitwa HOLMES kwenye upelelezi mkubwa.

Hapo nikaelewa riwaya yangu inakaa wapi. Inakaa kwenye majalada. Muuaji wangu hakuhitaji kuwa na akili za ajabu. Alihitaji tu mipaka kati ya ofisi, na mipaka hiyo ilikuwepo kabla hajazaliwa.

Nilianza upya. Nikaiweka hadithi mwaka 1983, kwa sababu maalumu. Mwanasayansi wa Uingereza, Alec Jeffreys, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa alama za vinasaba mwaka 1984, na mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji kwa njia hiyo, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988. Ningeiweka hadithi leo, maabara ingemnasa mtu wangu sura ya tano. Kuna wanaopenda riwaya za maabara, nami nawaheshimu, lakini nilitaka mpelelezi anayechakaza viatu. Hata hivyo, si kwamba vinasaba havidanganyi. Ujerumani, Austria na Ufaransa zilihangaika miaka kadhaa kumsaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilikutwa katika matukio takriban 40, likiwemo la kuuawa kwa polisi wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa havina vijidudu, lakini vilikuwa na yeye. Nilipoisoma habari ile nilifunga daftari nikakaa kimya. Miji yote ile ilikuwa imeunganishwa vizuri kabisa, na kilichoiunganisha kilikuwa kosa.

Nilimtafuta pia mzee mmoja mstaafu aliyefanya upelelezi maisha yake yote. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya kitabu, nikatarajia anisimulie risasi na mbio. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo mpelelezi wako anapanda gari la nani?" Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu: ukitoka mji wako kwenda kuchunguza mji wa mwenzako, unaomba ruhusa kwa barua, unafika unaripoti, unapewa kiti kwenye kona, na jalada unaloletewa ni lile ambalo mwenyeji amependa ulione. Usipojua kukaa na karani wa masjala, umekwisha. Nilikaa naye saa tatu, na katika hizo tatu hatukumtaja muuaji hata mara moja.

Karani wa masjala akawa mhusika wangu wa tatu kwa ukubwa. Ndiye aliyenipa fundo la hadithi nzima. Katika mji wa kwanza mashahidi walihojiwa kwa mamia, na mmoja wao ni fundi wa mizani anayezunguka kukagua mizani za madukani. Jina lake likaandikwa Rukoma. Katika mji wa tatu alihojiwa tena, hana wasiwasi, ana kazi inayoeleweka, na karani wa huko akaandika alivyosikia: Lukoma. Kadi zote mbili zikafika kwa karani wangu, moja ikaingia droo ya R, nyingine droo ya L. Herufi moja ikamwacha mtu huru miezi kumi na mmoja. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kuelezwa jinsi R na L zinavyobadilishana viti, ndiyo maana niliamini msomaji ataumia zaidi atakapoziona droo zile mbili, hatua tano kati yake.

Ufundi wa mizani niliuchagua kwa kufikiri sana. Dereva wa lori alikwishatumika mno. Fundi wa mizani anaingia kila mji kwa haki, hakuna anayemwuliza anatafuta nini, na kila alipopita anaacha kibandiko chini ya mizani chenye tarehe. Kuna sura ambayo mpelelezi wangu anapiga magoti katika duka la tatu la siku ile, anainua mizani kwa mkono mmoja, tochi iko mdomoni, na chini ya vumbi la unga anasoma siku, mwezi na mwaka. Anaandika kwenye daftari. Muuza duka anamwuliza kama mizani yake inaiba. Anajibu hapana, mama, iko sawa. Sura hiyo ina kurasa nne na hakuna damu. Naipenda kuliko zote.

Ili tarehe zisinisaliti nilitandaza sakafuni kalenda ya mwaka mzima niliyoichora mwenyewe, na kadi za rangi tatu, rangi moja kwa kila mji. Fundi alisafiri kwa basi, kwa hiyo nilihesabu saa za njiani na kumnyima mauaji yoyote yaliyohitaji awe mahali pawili. Tukio moja nililolipenda lilianguka kwa sababu hiyo: basi lingefika muda wa saa nne baada ya marehemu kukutwa. Nililifuta. Iliniuma, lakini msomaji wa riwaya za upelelezi huhesabu, na ana haki ya kuhesabu.

Jambo la mji wa pili lilinitesa zaidi. Kwa nini wao wakatae kabisa kushirikiana? Jibu nililipata katika kesi ya Andrei Chikatilo, muuaji wa watu wengi wa Urusi. Mwaka 1983 mtu mwingine, Aleksandr Kravchenko, aliuawa na dola kwa mauaji ya mtoto ya mwaka 1978 ambayo Chikatilo baadaye alikiri kuyafanya. Ofisi iliyokwisha kumhukumu mtu haipendi kuambiwa muuaji bado anatembea. Basi mji wangu wa pili una kijana aliyefungwa maisha, na mkuu wa upelelezi aliyepandishwa cheo kwa kesi hiyo. Sikumfanya mkuu huyo mtu mbaya. Nilimpa binti anayesoma na ukuta wenye cheti chake cha pongezi, na nikamwacha alitazame jalada la mgeni muda mrefu kabla ya kulirudisha bila kulifungua.

Mwisho nao niliuandika mara tano. Katika maisha, wauaji wa namna hii mara nyingi wamenaswa kwa jambo dogo: Sutcliffe alikamatwa Sheffield Januari 1981 kwa namba bandia za gari, na Ted Bundy, aliyeua katika majimbo kadhaa ya Marekani, alisimamishwa barabarani na askari Utah mwaka 1975 na tena Florida mwaka 1978. Lakini msomaji aliyevumilia kurasa 300 hatakubali askari wa barabarani amletee jibu. Maisha yanaruhusiwa kubahatisha, riwaya hairuhusiwi. Kwa hiyo anayemnasa fundi ni yule karani, aliyebaki ofisini jioni akizisoma kadi za droo mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka masikio yake yakasikia kile ambacho macho hayakukiona.

Na marehemu? Niliweka kanuni: hakuna anayekufa kabla msomaji hajamwona akifanya kazi yake. Wakapungua kutoka tisa hadi wanne. Muuaji sikumpa sura hata moja. Tunamwona kupitia macho ya wengine tu, na mazungumzo yake yote hayafiki kurasa sita. Mchapishaji wa kwanza aliurudisha mswada kwa sababu hiyo hasa, akitaka sura za ndani ya kichwa cha muuaji. Nilifikiri siku mbili, nikakataa. Wa pili aliuchukua ulivyo.

Kabla ya kuupeleka kwa huyo wa pili, nilimpa dada tena. Safari hii hakurudisha makaratasi. Alinipigia simu saa sita usiku, sauti iko chini kwa kuwa watoto wamelala.

"Yule mama wa cherehani," akasema. "Yule wa mji wa kwanza. Aliacha gauni limekatwa, halijashonwa. La harusi ya mtu. Nani alilimalizia?"

Sikuwa nimeandika. Nikamwambia, "Subiri, dada," nikawasha taa, nikavuta kiti.

Alilimalizia jirani yake, kwa uzi wa rangi iliyokaribiana.