Usiku wa teksi ya kwenda Njiro

Basi letu kutoka Dar es Salaam lilipasuka gurudumu njiani, na tukaingia Arusha saa saba kasoro usiku, daladala zikiwa zimeshalala. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, kushuka stendi saa kama hizo si jambo la ajabu tena, lakini stendi zenyewe ni zilezile: kabla hujasema unakwenda wapi, mtu ameshalikamata begi lako. Kwa uchovu nilimwacha alibebe, akalitia kwenye buti la gari lililoegeshwa mbali na mstari wa teksi nyingine, tukapatana nauli ya kunifikisha Njiro.

Maswali yake yalianza kama mazungumzo ya kawaida, kisha yakabana: dada unaishi na nani, nyumbani kuna mwanaume, kuna anayekusubiri getini? Nilimjibu kwa heshima zote, na leo naona kwamba ni heshima hiyo iliyonichelewesha, maana niliogopa zaidi kuonekana mwanamke mwenye kiburi kuliko nilivyomwogopa yeye. Simu yake ilipoita alipunguza redio, akasema maneno mawili tu, "Ninaye. Nakuja," akakata.

Tulipofika mzunguko wa Impala, badala ya kushika barabara ya Njiro, alinyoosha kuelekea Kijenge. Nilipouliza, akasema anampitia mwenzake, dakika mbili tu. Inawezekana alikuwa na mwenzake kweli, mtu mwema aliyechoka kama mimi. Hata hivyo, teksi niliyoikodi peke yangu haimchukui mtu wa pili bila ridhaa yangu, na hilo peke yake lilinitosha kutaka kushuka.

Gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta nilivuta kitasa polepole, kikaja mkononi bila mlango kulegea. Ilikuwa ile kufuli ya watoto, ulimi mdogo ulioko kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, ambao ukishawekwa mlango hufunguliwa kutoka nje tu. Nikateremsha kioo nikijifanya nahitaji hewa, ili mkono uweze kukifikia kitasa cha nje. Kisha nikampigia kaka yangu na kusema kwa sauti ambayo hata redio isingeizidi: "Kaka, nimefika Kijenge, nakiona kituo cha mafuta mbele, gari ni Corolla nyeupe yenye mkwaruzo mlango wa dereva, njoo unipokee hapo hapo." Nilipokata nikamwambia dereva kwamba kichefuchefu kimenishika, asimame penye taa. Sikutaka kumtuhumu tukiwa wawili tu barabarani, na sijapata kumwona dereva anayekubali kutapikiwa kwenye viti vyake.

Alisimama. Nilipenyeza mkono dirishani, nikafungua, nikamwamkia mlinzi wa kituo "Shikamoo, mzee!" kana kwamba tunafahamiana tangu zamani, na yule mzee, Mungu ambariki, akaitikia na kusogea na rungu lake. Nilisimama nyuma ya buti mpaka begi likatoka, ndipo nikalipa nauli yote tuliyopatana. Ndugu zangu wamenisema sana kwa kulipa safari ambayo haikufika, lakini usiku ule sikuwa na haja ya ugomvi wa shilingi elfu kadhaa. Chini ya zile taa ndipo nilipokiona kibao cha namba: kilikuwa cha njano, yaani gari la mtu binafsi, ilhali gari la biashara hubeba kibao cheupe. Nilikuwa nimelipanda bila kutazama.

Asubuhi nilitoa taarifa polisi, kisha nikarudi stendi kwa mwenyekiti wa kijiwe cha teksi, ambaye alisikiliza namba ile na kusema gari hilo si la kwao. Akanipa namba yake ya simu. Sasa nikisafiri humpigia kabla basi halijafika Usa River, na nikifika huikagua teksi yake kama nyingine yoyote. Mara ya kwanza aliniuliza natafuta nini kwenye ukingo wa mlango. Nilipomweleza, alicheka, akauinamia ule ulimi na kuushusha mwenyewe, kisha akazunguka akashusha na wa upande wa pili.