Kopo la dawa lililoacha kulia

Sauti ya kopo la ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, kila mtu Nakuru anaijua. Ilinitesa kuliko ugonjwa wenyewe. Watu huniuliza nameza vipi dawa kila siku, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nilizifikishaje nyumbani.

Nilipimwa 2009 nikiwa na mimba ya miezi mitano. CD4, yaani seli za kinga, zilikuwa 212, nikaanzishiwa dawa, na mtoto alipozaliwa akapewa dawa yake ya maji. Kipimo chake cha mwisho, akiwa na miezi 18, kilisema hana virusi. Sasa ni msichana mrefu kunipita.

Turudi kwa kopo. Naishi Rhonda, mtaa wa hapa Nakuru, lakini dawa nilikuwa nazifuata mji wa Gilgil ili nisikutane na mtu anayenijua. Nauli ilinila mia tatu, mia nne, kwenda na kurudi. Siku moja tukirudi, karibu na Mbaruk, matatu ikapiga tuta na mkoba wangu ukalia cha-cha-cha. Mzee niliyeketi naye akageuka akautazama mkoba, kisha mimi. Hakusema kitu. Nilishuka mjini nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani nikilia.

Safari iliyofuata nilimwaga vidonge kwenye karatasi ya nailoni, kopo nikalitupa chooni kliniki. Nesi alinigombeza sana nilipomwambia. Dawa hazitaki unyevu, na kile kipakiti kidogo kilicho ndani ya kopo ndicho kinachouvuta. Sasa nikarudi kwenye kazi yangu, maana mimi ni fundi cherehani. Nilikata vipande vya fulana kuukuu, upana wa kiganja, nikaviviringa na kuvishindilia juu ya vidonge mpaka kifuniko kikafunga kwa kukazwa. Pamba nilishaijaribu, inaacha nyuzi na unachoka kuzichambua. Kisha nikashona kifuko cha kitambaa cha sare chenye sponji katikati, kamba juu, kama kifuko cha miwani. Nikalitikisa kopo karibu na sikio. Kimya! Nikamwita binti yangu naye atikise. Hakusikia kitu.

Nikiwa bado na furaha hiyo ndipo nilipoharibu. Mwaka 2016 majibu ya wingi wa virusi yalisema havionekani. Mama mmoja wa maombi akanipeleka kwa mganga wa mitishamba. Yule mganga aliishika karatasi yangu, akaisoma mara mbili, akasema, "Umeona, mama? Vimeisha. Sasa tunasafisha mizizi." Akaipiga picha akaibandika ukutani, watu wakiingia anawaonyesha kwamba huyu amepona kwa dawa yake. Karatasi iliyoletwa na miaka saba ya vidonge vyangu! Kila nikiikumbuka karatasi ile ukutani mwake napandwa na hasira. Nilikunywa maji yake machungu, mtungi wa lita tano kila wiki mbili, nikatumia kama elfu nane na zaidi, ARV nikaziacha. Mwezi wa nne nikatokwa na mkanda wa jeshi kutoka mgongoni hadi chini ya titi, nisiweze hata kuvaa blauzi. Virusi vikapimwa: zaidi ya 90,000.

Mshauri wa kliniki hakunikaripia. Aliniuliza, "Dada, usiku ukifukia kaa kwenye jivu, jikoni si panaonekana pamezima?" Nikasema ndiyo. "Na asubuhi ukipuliza?" Nikanyamaza. Akanieleza kwamba virusi vingine hulala ndani ya seli za kinga, havizaani, haviingii kwenye damu, na ARV hushika vile vinavyozaana tu. Kipimo kinasoma damu. Vilivyolala vinangoja uache dawa. Baada ya miezi mitatu ya kumeza bila kukosa na vikao vya ushauri nilipimwa tena, vikawa vimeshuka havionekani, na mpaka leo havijaonekana. Mume wangu hana virusi. Virusi visivyoonekana haviambukizwi kwa tendo la ndoa, mradi umeze kila siku. Nimeishi hivyo, sikusimuliwa.

Huyo mshauri ndiye aliyenieleza pia kuhusu waliopona kweli. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alikuwa na saratani ya damu. Akawekewa uboho wa mtu aliyezaliwa na seli zisizo na mlango ambao virusi vingi hupitia. Baadaye Adam Castillejo wa London akapona kwa njia hiyo hiyo. Wote ninaowajua hawajazi matatu ya abiria 14, na tiba yenyewe inaweza kuua mgonjwa kabla ya virusi kumuua. Kwa hiyo mtu akikuuzia uponyaji kwenye mtungi, muulize uboho umetoka wapi.

Siku hizi ushauri mbaya umebadilika sura. Naambiwa, "Acha vidonge, kuna sindano mpya ya mara mbili kwa mwaka." Hiyo lenakapaviri ni kweli ipo, na kwenye utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotangazwa 2024 hakuna hata mwanamke mmoja aliyedungwa aliyeambukizwa, nao walikuwa zaidi ya elfu mbili. Lakini pale ilikuwa kinga ya wasio na virusi! Binti yangu akifika umri wake nitamshika mkono nimpeleke. Mimi kidonge changu ni kimoja, saa tatu usiku, chenye dolutegraviri tangu 2020. Zile ndoto za kutisha za dawa ya kabla yake zimekwisha. Ukitumia dawa ya kiungulia, sema kliniki, maana zingine huizuia isifanye kazi.

Gilgil bado naenda. Mwaka juzi nilimkuta kwenye benchi jirani yangu wa ploti, mlango wa tatu kutoka kwangu. Yeye pia alikuwa amepanda matatu ile ndefu kunikimbia mimi. Tulishikana mikono bila neno mpaka jina lake likaitwa. Sasa tukirudi tunaketi kiti kimoja, makopo mawili mkobani mwangu. Kifuko chake kimeanza kuchanika kwenye kamba, nitamshonea kingine kabla ya tarehe ijayo, cha rangi ya samawati, ndiyo anayoitaka.